Mpira wa Gofu Haulimwi

Siku Mzee Issa aliponiambia nikatafute kuni za kupasua naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, maana nilikuwa nimeuchimba kwa fimbo ya gofu hadi ukanirukia usoni. Mpira wenyewe ulikuwa pale pale. Haukuwa na habari kwamba kuna mtu anaupiga.

Nakuambia haya, mwanangu Anjela, kwa sababu jana uliitupa fimbo mferejini. Wavulana walikucheka umekuja uwanjani na mdogo wako mgongoni, ukapiga mara moja kwa hasira, ukachimba shimo, ukatupa fimbo ya watu, ukaondoka ukisema hurudi tena. Nina hasira na wewe. Sitakuficha. Najua mimi sijafika hata miaka thelathini, na nikikuita mwanangu pengine unacheka. Cheka, ukimaliza usikilize.

Mimi ni wa Kibondo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa. Mume wangu akaenda Manyovu kubadilisha fedha za wasafiri pale mpakani, mwisho akabadilisha na mke. Nikaja Kasulu na mtoto wangu Tumaini, nikafikia kwa mjomba. Tulilala jikoni. Mkewe mjomba akanipa muda: mahindi yakishavunwa jiko litahitajika, nitafute pa kwenda. Hakuwa mtu mbaya. Jiko ni la kupikia.

Mzee Issa unamjua, yule wa duka la vitenge. Ujana wake aliumalizia Tanga akiwabebea matajiri mikoba ya gofu, na hajaacha kutusimulia. Aliporudi akachukua shamba lake la njia ya Rungwe Mpya, akafyeka, akachimba mashimo sita. Ni uwanja mfupi. Shimo la mbali kabisa, ukimwita mtu aliyesimama pale anaitika. Kuzunguka kila shimo akamwaga mchanga, akaukandia oili chafu ya magari ili upepo usiuchukue. Ng'ombe wanapita, sawa, lakini ni uwanja.

Nyonga zake zilipogoma, akatangaza anatafuta mtu wa kuutunza na kufundisha watoto. Mshahara upo, na chumba cha uani nyuma ya duka. Chumba, mwanangu! Chenye mlango na kitasa. Tulijitokeza wengi, tukabaki wawili: mimi na Deo, kijana mmoja mwenye mabega kama lango la kanisa. Mzee akasema atatufundisha wote msimu mzima, halafu tutacheza mashimo yote sita. Atakayemaliza kwa mapigo machache ndiye atakayepewa funguo.

Sasa tatizo letu sisi watu wa huku, tumezaliwa na jembe mkononi. Ukimpa Mha fimbo yoyote ndefu, mikono yake inajua kazi moja: inua juu ya kichwa, teremsha kwa nguvu, vuta kuja kwako. Hivyo ndivyo nilivyopiga. Na kila nilipoinua niliiona sura ya baba Tumaini pale chini kwenye mpira. Unadhani nilipiga kidogo?

"Binti," Mzee Issa akaniita siku ile ya udongo. "Hapa tunapanda maharage?"

"Hapana, mzee."

"Basi mbona unalima? Kama unataka kupasua kitu, nenda katafute kuni. Mpira haulimwi." Akatikisa kichwa. "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi."

"Mkizi ndiyo nini?"

"Samaki wa baharini huyo. Akikasirika anaruka juu, anaangukia mtumbwini, anapikwa. Hujawahi kumwona?"

"Sijawahi, mzee. Kasulu hatuna."

"Wapo," akasema. "Mmoja huyu hapa ameshika fimbo yangu."

Deo alicheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kumpiga yeye badala ya mpira.

Mzee alinieleza yote ninayokueleza wewe kila Jumamosi. Shika fimbo kama umeshika kifaranga, asikutoroke na asife. Miguu iachane upana wa mabega. Mikono isiende peke yake, mabega ndiyo yageuke na mikono iyafuate. Fimbo ifagie majani, isiyachimbe. Niliyasikia. Ningeweza kuyaandika kwenye mtihani na kupata alama zote. Mikono yangu ndiyo haikuwa imesoma.

Jioni moja mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Burundi, nami nilikuwa narudi nyumbani, Tumaini amelala mgongoni. Alikuwa na homa siku mbili zile, na usingizi ule nilikuwa nimeutafuta kutwa nzima. Nikakuta mpira njiani, karibu na mchanga wa shimo la tatu. Kuinama kuuokota kungemwamsha. Nikasema wacha niusogeze kwa fimbo. Nikageuka taratibu kulia, mwili mzima, kama unavyogeuka wewe unapombembeleza mdogo wako. Nikarudi kushoto taratibu vile vile. Mpira ukanyanyuka, mwanangu. Ukapanda kimya, ukatua kwenye mchanga, ukakaa. Tumaini hata hakukohoa.

"Rudia!" Sauti ya Mzee Issa ikatoka kwenye banda la kuhifadhia fyekeo.

Nikarudia. Ukaenda tena.

"Kumbe unajua," akasema, na alikuwa amekasirika kweli. "Muda wote huu unaniharibia majani makusudi!"

Kuanzia hapo nikafanya mazoezi hivyo, kila siku. Nusu mzunguko tu, mtoto mgongoni, tena pasipo mpira mara nyingi. Ukivuta kwa pupa mtoto anashtuka, ukiinua mikono peke yake kitenge kinalegea. Mwalimu mkali kuliko huyo sijamwona. Na ndipo nikaelewa jambo ambalo Mzee alilisema mara nyingi: kwenye uwanja mfupi, umbali hautoki kwenye nguvu. Unatoka kwenye urefu wa mzunguko. Shimo likiwa karibu, fimbo irudi nyuma hadi usawa wa nyonga. Likiwa mbali, irudi hadi usawa wa bega. Mwendo ni ule ule. Haubadiliki hata kama umeachwa na mume.

Siku ya mashindano watu walijaa. Mjomba alikuja, mkewe pia. Bi Zuhura, mke wa Mzee Issa, akanishikia Tumaini. Deo alianza kwa mpira uliopaa hadi ng'ombe wakainua vichwa, watu wakapiga vigelegele. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kila shimo alipiga kwa mbali zaidi kuliko shimo lilipo, halafu akarudi nyuma kuutafuta mpira. Mimi nilikwenda na mizunguko yangu mifupi. Baada ya mashimo manne nilikuwa nimemwacha kwa pigo moja.

Shimo la tano akanisogelea. "Mama Tumaini," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mume wako wa Manyovu angekuona unavyopapasapapasa hivyo, angejua alikimbia nini."

Watu wakacheka. Mkewe mjomba alicheka.

Nikalima, mwanangu. Niliinua fimbo hadi mbinguni nikaishusha. Udongo ukaruka, mpira ukasogea hatua moja. Nikalima tena. Tulipofika shimo la mwisho tulikuwa sawa. Mzee Issa ameegemea mkongojo wake, haruhusiwi kuniambia kitu. Alinitazama tu. Nilijua anamwona mkizi yuko hewani.

Deo akapiga wa kwanza. Ukapita juu ya mchanga, ukapita mfereji, ukazama kwenye mihogo ya jirani.

Tumaini alikuwa analia mikononi mwa Bi Zuhura. Nikaweka fimbo chini, nikaenda.

"Nipe mwanangu, bibi."

Nikamweka mgongoni, nikafunga kitenge, nikarudi kwenye mpira wangu.

"Ah, mzee!" Deo akaruka. "Hii ni mechi au kliniki?"

Mzee Issa akafikiri kidogo. "Tanga nimebeba mikoba ya watu mizito kuliko huyo," akasema. "Kanuni ya kukataza mtu kubeba wake sijaiona. Piga, binti."

Hasira ilikuwapo bado. Nisikudanganye kwamba iliyeyuka, hata leo ipo. Lakini mtoto alikuwa anavuta pumzi shingoni kwangu, amenyamaza, na mwili wangu ulikumbuka kuna mtu asiyepaswa kushtuliwa. Nikageuka taratibu. Nikarudi taratibu. Sikuinua macho hadi niliposikia mpira umetua.

Ulikuwa kwenye mchanga, karibu na shimo kiasi cha kulifikia kwa hatua moja. Nikauingiza kwa pigo lililofuata. Deo alikuwa bado kwenye mihogo, anagombana na mwenye shamba.

Chumba hicho ndimo ninamolala mpaka sasa. Unakijua, ndipo unapokuja kunywa maji.

Sasa nasaha yangu ni hii. Hasira si dhambi, na sijakuambia uache kuwa nayo. Wanaokucheka wanastahili hasira yako. Ila usiishikishe fimbo. Ibebe, igeuke na wewe, lakini isiwe yenyewe inayopiga. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na hapa tamu iko karibu, mashimo yetu ni mafupi. Anza na nusu mzunguko. Wakikuambia piga kwa nguvu, waulize mpira wao uko wapi. Uko kwenye mihogo.

Na usikubali kunyimwa chochote kwa sababu ya mtoto aliyeko mgongoni kwako. Wasiokuwa naye ndio wanaohitaji kufundishwa kugeuka.

Mungu akupe mikono myepesi, mwanangu, akupe macho yasiyokimbia kabla ya mpira, na hasira yako akuwekee kama moto wa jikoni, uive nao usiungue nao. Fimbo nimeitoa mferejini mwenyewe, nimeifuta matope, ipo nyuma ya mlango. Kesho ni Jumamosi. Njoo na mdogo wako, na mfunge vizuri.