Siku Tuliyohesabiwa Mara Tatu

Mama mdogo alikuwa ameandika mihtasari ya vikao vya wenyeviti watatu wa kijiji chetu, na hotuba zao nzuri zote zilitoka kwenye daftari lake. Kwa hiyo yule wa mwisho alipoacha kiti akahamia Laela kununua mahindi, mama mdogo alisema waziwazi kwamba safari hii anakitaka yeye. Alikitaka kweli. Wiki nzima alitupikia ugali mbichi, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Kura za maoni za chama zilifanyika Julai, kwenye ghala la mahindi, kwa kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Baridi ya asubuhi ya Ufipa mwezi huo inakata masikio. Msimamizi aliyetumwa na chama kutoka wilayani, ambaye kila akija kwetu hulala kwa mgombea wa pili, alimweka mwenyeji wake huyo upande wa mashariki, kwenye ukuta unaopigwa na jua. Mama mdogo akapelekwa nyuma ya ghala, kivulini.

Nilisimama wa pili kwenye mstari wake, nimejifunga blanketi, meno yakigongana. Upande wa pili tuliwasikia wenzetu wakicheka kwa raha. Baadhi yao tulijua ni wetu, ila mifupa ya uzee ilikuwa imewapeleka juani. Hata hivyo tulipohesabiwa, tulikuwa tumewazidi watu kumi na mmoja.

Msimamizi akasema hesabu haijakaa sawa, watoto wa mgongoni wamehesabiwa. Kina mama wakafungua kanga, wakawalaza watoto kwenye turubai, na wote wakaanza kulia kwa pamoja. Tukahesabiwa tena. Kumi na mmoja walewale. Akakuna kichwa, akatangaza mapumziko, akaenda kula kwa mwenyeji wake, tena akala taratibu sana.

Kosa lake lilikuwa hilo. Aliporudi saa tisa, jua lilikuwa limeshavuka paa la ghala. Kwetu kulikuwa na joto tamu, mablanketi tumeyavua. Kwao kivuli, na upepo wa mchana umeanza. Hesabu ya tatu ilipoitwa, watu wao wakaanza kuja mmoja mmoja, wakitazama chini. Wa nne alikuwa mama mkwe wa mgombea wao mwenyewe, kigoda mkononi.

"Shikamoo, mama. Na wewe umekuja kwetu?" nikamuuliza.

"Marahaba. Mimi nafuata jua, mwanangu. Nihesabuni tu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na msimamizi akaniamuru nisimame nihesabike. Tukawazidi zaidi ya thelathini. Tulimsindikiza mama mdogo nyumbani tukipiga madebe, yeye mbele, analia huku anacheka.

Wiki iliyofuata, jina lililorudi kutoka ngazi ya juu ya chama lilikuwa la yule mwenyeji wa msimamizi. Nilikasirika sana. Vyama vingine havikuweka mtu, kwa hiyo akapita bila kupingwa. Siku ya tatu mama mdogo akanunua daftari jipya.

Mwenyekiti mpya aliitisha mkutano wake wa kwanza palepale ghalani, asubuhi, meza yake upande wa jua. Watu walikuja, wakamsalimia vizuri, wakampita, wakazunguka ghala, wakakaa kivulini. Hakuna aliyekuwa amepanga. Mama mkwe wake alisimama kwenye kona na kigoda chake, akalitazama jua kwa masikitiko, kisha naye akaja kukaa karibu yangu. Nikamfunika nusu ya blanketi.

"Ndugu zangu, njooni huku kwenye joto," mwenyekiti aliita.

"Huku tumeshazoea," mzee mmoja akamjibu.

Tulitetemeka tukicheka kimyakimya, mabega yakigusana. Mwishowe aliibeba meza mwenyewe, akaja nayo kivulini. Mama mdogo akapuliza vidole vyake, akafungua daftari jipya, akaandika: Mkutano ulifunguliwa nyuma ya ghala. Waliohudhuria: wote.