Salum na Mtoto wa Kifaduro

Siku ya wito nilikuwa nachemsha sindano kwenye zahanati ndogo upande wa Masaki, Kisarawe. Nilikuwa mchanjaji. Akina mama walikuja wachache. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na kifaduro walikuwa hawajakiona kwa miaka mingi. Wengi walidhani kimekwisha. Jioni mwenyekiti wa kijiji akatutangazia kwamba mgambo tunatakiwa Kagera, vitani.

Mafunzoni nilizoeana na Salum, mkulima wa Janga, Kibaha. Alikuwa mpole, hana maneno mengi, na tulielewana kwa sababu kwao na kwetu si mbali.

Miezi kadhaa baadaye, tukiwa watu tisa, tulijificha kwenye shamba la migomba kando ya barabara waliyoitumia adui. Humo tulimkuta mwanamke na mtoto wa mwaka mmoja hivi. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Mumewe alikuwa amelala mlangoni, nusu ya uso haipo.

Mtoto akaanza kukohoa. Alikohoa mfululizo mpaka midomo ikawa ya bluu, kisha akavuta pumzi kwa mlio mrefu, mwembamba. Nikakijua kifaduro palepale.

Magari yakasikika.

Sajenti wetu akaninong'oneza nimzibe mtoto mdomo.

"Afande, nikimziba atakufa."

"Mzibe."

Mkono wangu ulifika kifuani mwa mtoto, ukakwama hapo. Salum akamchukua, akamfunika kwa koti lake, akatambaa naye kuelekea bondeni. Mama akamfuata. Kile kikohozi kikaenda nao.

Bunduki za adui zikageukia huko.

Sajenti akaamuru tufyatue. Adui wakatugeukia sisi, migomba ikakatika juu ya vichwa vyetu. Sajenti alipigwa shingoni, akaniangukia. Damu yake ilinijaa machoni. Nilifyatua bila kuona.

Kulipotulia, tulikuwa wanne.

Salum nilimkuta ukingoni mwa bonde. Tumbo lilikuwa wazi, na mikono yake imelishika kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. Koti halikuwepo. Mama na mtoto hawakuwepo. Tulimfukia hapohapo, upesi, kaburi lisilofika kiunoni.

Niliporudi Masaki nilielezwa kuwa hakuna aliyechanja tangu nilipoondoka. Lakini kabla sijaambiwa, nilikuwa nimeusikia ule mlio, ukitoka nyumba ya kwanza kijijini. Makaburini kulikuwa na vijikaburi vinne vipya. Kimoja cha mtoto wa dada yangu. Nilimwacha akiwa tumboni. Kesho yake nikachemsha sindano, na safari hii akina mama walipanga foleni tangu alfajiri.

Janga sikwenda mpaka mwaka ulipopita. Nilimkuta mama yake Salum mkekani, anamenya mihogo. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Sikumficha kwamba mimi ndiye niliyejua kuhudumia watoto, na mwanawe ndiye aliyetambaa.

Hakulia. Akaniuliza kama mtoto yule alipona.

"Sijui, mama."

Akamenya muhogo mwingine mpaka mwisho, akauweka kwenye sufuria.

"Mwanangu sikuletewa hata nguo yake nikaishika," akasema. "Usiniambie hujui."

Nikamwambia alipona.

Akamshukuru Mungu. Kisha akaniletea maji ya kunawa, tukasubiri mihogo iive.