Kipandio cha Tatu

Shemeji yangu anaitwa Tumbili tangu ujanani. Jina hilo hakupewa kwa sura, ingawa huwa namwambia sura nayo ilichangia. Alipewa kwa kupanda. Yeye na marehemu mume wangu walikuwa mafundi rangi wa maghorofa. Walioa dada wawili, mimi na mdogo wangu, kwa hiyo wakawa wanaitana mwanyumba kutwa kucha: mwanyumba nipe rola, mwanyumba sogeza ndoo, mwanyumba unanimwagia. Ukipita chini ya jengo lao ulisikia kelele kabla hujaona ovaroli.

Kisha ubao wa jukwaa ukavunjika wakiwa ghorofa ya tano. Ulivunjika upande wa mume wangu. Tumbili alidaka kamba, akabaki ananing'inia, akaona yote mpaka chini. Kwenye mazishi mtu mmoja alinifariji kwa kusema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Sijamsamehe mpaka leo, na wala sina haraka.

Tangu hapo Tumbili hakupanda tena. Si kwamba hakujaribu. Alikuwa anaegemeza ngazi ukutani, anapanda kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu goti la kulia linaanza kutetemeka kama cherehani yangu inaposhona jinzi. Basi anashuka, anawasha sigara, anasema jua kali. Siku za mawingu alisema upepo. Wenye majengo wakawa wanampa mageti na kuta za uani, mwisho hata hizo zikapungua, maana fundi rangi asiyefika dirishani ni nusu fundi. Mdogo wangu akaanza kuja kwangu kushona vifungo, eti anataka tu kujifunza. Nikamwachia vifungo, na sikumuuliza kitu.

Mimi nami nilikuwa na langu. Kila aliyekuja kunipa pole aliniambia mume wangu hakusikia chochote. Nani alimwambia? Aliyekuwapo ni mmoja tu, na huyo nilishindwa kumuuliza. Nilikuwa nashona, naacha mguu juu ya pedeli, nawaza: zile sekunde, alikuwa anajua? Aliogopa? Nililitaka jibu, na nililiogopa kuliko nilivyolitaka.

Nje ya mji kuna uwanja mdogo wa ndege, ambako watu wazima wenye akili zao hupandishwa angani halafu wakajirusha kwa parachuti, tena kwa hiari. Tumbili aliitwa kwenda kupaka rangi banda la ndege. Akapaka vizuri mpaka pale mkono ulipofika. Juu yake bati likabaki na rangi yake kuukuu. Mwalimu wa kuruka, kijana mcheshi mwenye kifua kama mlango, alimkuta kwenye kipandio cha tatu ameikumbatia ngazi. Akamdadisi, na Tumbili, ambaye nyumbani hasemi neno, akamweleza kila kitu.

"Mzee, dawa ya moto ni moto," mwalimu akamwambia. "Ruka na mimi mara moja tu. Ukitoka kule juu, ngazi hii utaiona kama kigoda."

Habari ziliponifikia nilisema dawa ya moto ni maji, waulizeni zimamoto. Mdogo wangu hakutania. "Mmoja ametutosha," alisema, akaingia chumbani akafunga mlango. Ndiyo maana siku ya kuruka nilimsindikiza mimi.

Asubuhi ile walianza kwa kufundishwa chini. Walimlaza Tumbili kifudifudi juu ya benchi, mikono na miguu hewani. "Tumbo mbele, kichwa nyuma, mzee! Pinda kama ndizi!" Kisha wakamkalisha sakafuni ainue miguu, maana wakati wa kutua mwanafunzi huinua miguu yake ili mwalimu atangulie kugusa chini. Aliinua, akashusha, akainua, mvi zake zikiloa jasho. Ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine.

Wanafunzi wenzake wakauliza maswali ya wanafunzi. Parachuti lisipofunguka je? Lipo la akiba. Nikizimia? Umefungwa na mwalimu wako, utazindukia chini. Miwani ikidondoka? Ndiyo maana tunaikaza. Tumbili akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mtu akiwa anaanguka, anasikia nini?"

"Upepo, mzee. Unavuma masikioni, husikii kingine."

"Siulizi masikio. Nauliza moyoni. Anajua?"

Mwalimu alinitupia jicho mara moja, ucheshi ukamtoka. "Hilo, mzee, utajijibu mwenyewe," akasema taratibu. Nikainamia viatu vyangu. Ndipo nilipojua kwamba hakuja kwa ajili ya ngazi peke yake, na kwamba swali lililokuwa linanila mimi lilikuwa linamla na yeye.

Wakamfunga kwa mikanda kifuani kwa mwalimu, kama mtoto wa mbeleko, ila huyu amewekwa mbele na ana mvi.

"Shemeji, usimkojolee mwenzio," nikamwambia.

"Nikimkojolea, utafua wewe," akajibu, akanipa koti lake nimshikie. Nilitazama goti. Lilikuwa limetulia tuli. Ndege yenyewe ilikuwa na vipandio viwili tu.

Ikapanda mpaka ikawa ndogo kama inzi. Kisha kitu cheusi kikatoka ndani yake, kikaanza kuanguka, na huyo alikuwa mtu wetu. Nilitaka kufumba macho, nikajilazimisha kutazama, kwa sababu mume wangu sikuwapo kumtazama. Nikawa nasema moyoni: funguka, funguka, wewe una kitu cha kufunguka. Likafunguka, jekundu, likamdaka hewani. Nikagundua kwamba nilikuwa nimeuma ukosi wa koti lake mpaka mate yakaloanisha kitambaa.

Alitua kwa makalio, miguu juu kama alivyofundishwa, watu wakapiga makofi. Walipomfungua tu kutoka kifuani kwa mwalimu, akanijia mbio, mikanda inaburuzika nyuma.

"Shemeji, sikiliza. Hakuna kitu! Haki ya Mungu. Wala huoni kama unaanguka. Unalala juu ya upepo, nao unakubeba. Hakuna hofu hata chembe." Akanishika mikono yote miwili. "Mwanyumba hakuogopa. Alilala tu, shemeji. Alilala."

Nililia pale pale nyasini, mbele za watu, na nilikuwa nalia kwa kushukuru. Ningeweza kurudi nyumbani na maneno hayo yakanitosha maisha yangu yote.

Lakini mwalimu alikuwa amefurahi kupita kiasi. "Haya, mzee, udongo uwahi ungali maji! Ngazi ile pale!" Wakamsindikiza hadi bandani wakishangilia. Nikaenda kuishika ngazi chini, kama nilivyokuwa nikimshikia mume wangu ukutani kwetu.

Akapanda kipandio cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Akainua mguu kwenda cha nne, ukakaa hewani, ukarudi. Goti la kulia lilikuwa usawa wa macho yangu kabisa. Likaanza.

Makofi yakafa moja moja. Tumbili alitazama lile bati kuukuu juu, kisha akatazama chini, si kwangu, bali kwenye saruji iliyokuwa kando ya miguu yangu. Nilimwona anavyoitazama. Kule mawinguni hakuna saruji, hakuna mtu unayemjua anayeikaribia huku amekukodolea macho. Mtu aliyemwona mwenzake akilala juu ya upepo hatetemeki hivyo. Nikajua alichokiona siku ile, na nikajua kwamba amepanda angani na kurudi ili apate cha kunidanganya nacho.

Akaniona nimejua. "Shemeji..."

"Shuka," nikamwambia. "Nimekuamini."

Akashuka. Nikamvika koti lake, ukosi bado umelowa, tukaanza safari ya kurudi nyumbani.