Mshale Uliopanda Mlima

Asifiwe Mungu aliyenifikisha kwenye mvi hizi. Leo nimefungua kitambaa kinachofunika saa ya kupimia ya mjomba, na harufu ya grisi ikanirudisha Muheto, kijiji cha utoto wangu.

Mjomba alikuwa fundi wa malori, na wa ndege ndogo zilizotua juu ya barabara kule Walikale. Alipofariki, alituachia sanduku la saa za kupimia, zile zenye mshale za kwenye dashibodi. Mnunuzi wa vyuma akaja kuzichukua aziyeyushe ziwe sufuria.

"Yote iko ya malori," akasema, akigonga kioo cha moja. "Na ilishakufa."

"Hapana, Papa," nikamjibu kwa heshima. "Hii njo ya ndege. Inapima urefu wa mahali kwenda juu, bila batri. Mjomba alinifundisha."

Akacheka. "Mutoto mwanamuke atanifundisha vyuma?"

"Basi tupande mulima. Uibebe mwenyewe."

Akaibeba. Tulipita mashamba ya maharagwe, yeye akihema. Huko juu mshale ulikuwa umesogea. Akagonga kioo tena, kisha akataja bei nzuri.

Mama, aliyetufuata na jembe begani, akamjibu kwa upole: "Ulisema ilishakufa, Papa. Sisi hatuuzi maiti."

Mpaka leo hatujauza. Wewe usomaye, Mungu akujalie pumzi ya kupanda mlima wako.