Uzi Mmoja Kwenye Chujio

Juzi nilikuwa stendi ya Handeni natafuta bodaboda ya kunipeleka kwa mjukuu wangu. Kijana mmoja akanipokea kwa adabu zote, "Shikamoo bibi, panda twende," na mimi nilikuwa nimeshakunja kanga tayari. Alipowasha, ukatoka moshi wa bluu nyuma, mzito kidogo, wenye harufu ya oili inayoungua. Nikamwambia azime. "Bibi, hiyo kawaida tu, inakula oili kidogo," akasema. Nikamwuliza lini mara ya mwisho alifungua kifuniko akatazama ndani, naye akacheka. Nikaenda kwa miguu, na jua la Handeni unalijua lilivyo, na magoti yangu ndiyo haya.

Usiniite mkaidi kabla hujanisikia. Mimi nilizaliwa kambi ya mkonge, nje kidogo ya Korogwe, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa Mnyamwezi. Alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, na shuka moja begani, akakata mkonge mpaka mikono ikaota sugu, kisha akaangukia kazi ya injini za kiwandani na humo akawa fundi. Mama alikuwa Mzigua wa Handeni. Kaka yake mama, mjomba wangu, alikuwa dresa hospitali, kazi yake kusafisha na kufunga vidonda. Alikuwa mrefu, mcheshi, mpenda viatu vizuri. Nilimpenda kuliko watu wote wazima niliowajua, nadhani kwa sababu alinisikiliza.

Kambi yetu ilinuka uchachu wa makapi ya mkonge usiku na mchana, na mgeni alikuwa akiziba pua wiki nzima. Sisi tulikuwa tukiamshwa na king'ora cha kiwanda, mama akiwa ameshawasha moto. Jumapili alitupikia bada, ule ugali wa muhogo wa kwao, kwa kisamvu cha nazi, na baba aliulalamikia kila Jumapili kisha akaumaliza. Katani, zile nyuzi za mkonge, ndiyo iliyokuwa kila kitu. Tulisugulia sufuria, tulisugulia migongo, tulifutia chimni za taa, na kitanda nilicholalia kilifumwa kwa kamba zake. Kiwandani nako mafundi walikuwa hivyohivyo, maana kitambaa kilikuwa cha kuvaa. Mkono ukishika grisi, unachota konzi ya katani, unafuta, unatupa.

Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mjomba pikipiki ya wakati wa vita, injini yake imekufa. Baba akaifungua yote, akaitandaza kwenye gunia ukumbini kwetu, na kiangazi chote kile jioni zake ziliishia pale. Alichonga, alibadilisha ringi za pistoni, aliosha kila chuma kwa mafuta ya taa, akakifuta kwa katani mpaka kikang'aa. Tulijivuna naye. Mama alikuwa akipita na beseni la vyombo, anasimama, anatazama zile pini na nati zilivyopangwa, anasema, "Huyu angenioshea sufuria zangu hivi."

Siku ilipowaka, kambi nzima ilikuja kushuhudia. Ilitoa moshi wa bluu. Baba akasema ringi mpya hazijakaa, tuzipe muda. Tukazipa muda, na moshi haukuisha. Hapo ndipo nilipomwona baba akibadilika. Alipitisha kidole ndani ya bomba la moshi, akakinusa. Alichomoa plagi, akaigeuza juani, akaikuta imelowa. Aligusa kila kiungo kutafuta panapovuja. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, nasi watoto tukanyamaza bila kuambiwa.

Lililomsumbua zaidi lilikuwa kwenye tangi la oili. Oili ya pikipiki ile haikukaa tumboni mwa injini. Ilikaa kwenye tangi dogo chini ya kiti, ikashuka kulainisha vyuma, kisha pampu ikairudisha juu. Ukifungua kifuniko injini ikiwa inanguruma, unaiona ikitemwa ndani ya tangi, tup, tup, tup. Baba alituita tuione, akasema huo ndio mshipa wake. Siku nyingine ulipiga vizuri. Siku nyingine ulipiga, ukakatika, tukasimama tumeinamia lile tundu jeusi tukisubiri, kisha ukarudi. Sikujua chochote kuhusu injini, lakini nilianza kuliogopa lile tundu.

Basi Jumapili moja asubuhi baba akatoa chujio la tangi, akakuta uzi wa katani umejibana kwenye waya. Uzi mmoja, mwembamba. Akaunyoosha kwenye kiganja, akautazama muda mrefu. Alikuwa hajaamua la kufanya mjomba alipofika anatweta. Bibi yetu, aliyemzaa mama na mjomba, ameshikwa na homa huko Handeni, hali chakula, hamtambui mtu. Mjomba alikuwa na dawa kwenye mkoba, na siku ile hapakuwa na lori la kwenda huko.

"Shemeji, usiende na hii leo," baba alimwambia. "Nimekuta uzi kwenye chujio. Palipo na mmoja, wenzake wapo. Niache niifungue tena."

Sasa nikukumbushe kwamba Mnyamwezi na Mzigua ni watani, na hawa wawili, juu ya utani wa makabila, walikuwa mashemeji. Sijawahi kuwasikia wakiambiana jambo moja kwa uzito. Mjomba akafunga mkoba nyuma ya kiti, akasema, "Manamba, sema tu umeipenda ubaki nayo. Mimi nikifa si ndiyo sherehe yako, utashiba ubwabwa wa matanga."

"Ukifa nitaanza na hivyo viatu," baba akajibu. Ulimi ulijibu wenyewe, kwa mazoea, na majirani wakacheka, na mimi nikacheka. Alipotaka kurudi kwenye neno la kweli, njia ilikuwa imeshazibika. "Shemeji, sitanii," alisema, na hilo nalo likachekwa, kwa sababu mtani mzuri husema hivyohivyo.

Mama hakucheka. Alisema, "Baba Zaina, mwache aende. Mama anaumwa." Zaina ndiye mimi. Baba akamtazama, akarudisha chujio, akawasha injini, kisha akafungua kifuniko cha tangi. Oili ilikuwa ikirudi vizuri siku hiyo, tup, tup, wala haikukatika. Akakifunga. Mjomba akanipiga kikofi cha shavu, akaondoka, na baba akabaki barabarani akisikiliza mpaka muungurumo ukamalizika upande wa mtoni. Aliendelea kusimama hata baada ya hapo.

Wazee wa Kizigua waliokwenda kurina asali ndio waliomkuta amekufa, kesho yake, porini, zaidi ya nusu ya safari. Injini ilikuwa imekauka, pistoni imegandamana na silinda, gurudumu la nyuma likafunga ghafla palepale kwenye mteremko. Dawa walizipeleka wao. Bibi alipona, akaishi miaka mingi sana, na kila tulipokwenda kumsalimia aliuliza habari za mwanawe asubuhi ile, alisema nini, alikuwa na haraka gani. Mazikoni baba alipaswa kufanya utani wake, kama desturi inavyotaka. Watani walimsubiri. Hakuweza kufungua mdomo.

Baada ya arobaini aliifungua ile injini, peke yake, mchana, mimi nikiwa naosha vyombo karibu. Kwenye kijitundu oili inamopita alichokoa kwa sindano, akatoa kitita cha katani kilichojisokota kama nywele kwenye kitana. Mama alitoka jikoni wakati uleule. Alikiona. Alimwona baba anavyokitazama. Akasema, "Chakula tayari," akarudi ndani. Waliishi pamoja mpaka uzeeni, na neno hilo sikulisikia likitajwa nyumbani mwetu.

Kambi ile haipo tena. Mkonge umebaki mmojammoja vichakani, king'ora hakuna, na pale palipokuwa na ukumbi wetu pana nyumba za watu wasionijua. Hata utani wenyewe siku hizi ni wa kwenye harusi, watu wanausoma kutoka kwenye karatasi. Nakumbuka kicheko cha asubuhi ile, na sina mtu aliyebaki wa kunisaidia kukikumbuka.

Baba alipokwishazikwa, nilimwuliza mama kama alijua maana ya kile kitita cha katani. Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha.

"Baba yako alizitia zile nyuzi bila kujua, alipofuta vyuma," alisema. "Mimi nikasema mwache aende. Tungeanza kuhesabiana makosa, ninyi watoto mngebaki na nani?"

Akapepeta ungo, akaniambia nichochee moto.