Kilimia Juu ya Kiang'ombe

Mama mkwe wangu, Ciakuthii, hakuamini utabiri wa redio hata kidogo. Huku kwetu Siakago tunapanda kavu, mbegu inatangulia mvua ardhini, na wa kusema lini alikuwa yeye. Kila mwaka alikaa uani jioni akitazama mashariki, chini kabisa juu ya mgongo wa mlima Kiang'ombe, akingoja kile kishada cha nyota kiitwacho kilimia. Akishakiona hapo jioni mapema, anajitemea mate kifuani kwa baraka, na kesho yake kijiji kizima kiko shambani.

Mwaka jana njaa ilitubana vibaya. Tulibaki na mkebe mmoja wa ndengu, nami nilitaka kuzipika.

"Mami, watoto wamelala na chai tupu," nilimwambia.

"Igoki, hiyo ni mbegu. Hakuna mtu anapika mbegu hapa."

Mkaidi kupindukia, mama huyu, na nilimpenda hivyo hivyo. Siku chache baadaye nikiwa jikoni nilimsikia akishangilia. "Kilimia imetoka! Mwaka huu imekuja mapema!"

Hakuna aliyetoka kuhakikisha. Nani angemkagua Ciakuthii? Tulipanda, majirani nao wakapanda. Manyunyu ya jioni moja yakaiotesha mbegu, kisha jua likaikausha yote.

Wiki zikapita. Jioni moja tumeketi uani, akaguna. "Hee! Kilimia imezama ghafla."

Niliinua uso. Kilimia kilikuwa kiking'aa juu ya paa la jikoni, hakina haraka. Nikafuata kidole chake hadi kwenye bega la Kiang'ombe, penye kambi mpya ya wajenzi wa barabara. Taa zao zilikuwa zimezimika. Ndizo alizokuwa akizitazama muda wote ule.

"Mami, hii mikono yangu unaiona?"

"Naona mikono," alisema. Nilikuwa nimeificha mgongoni.

Nililia kwa hasira, kisha kwa huruma. Macho yalikuwa yamemwisha kitambo na alituficha.

Mvua ilikuja juma lile lile, mvua nzuri ya kushibisha ardhi. Hakuna jirani aliyebaki na mbegu. Wote walipanda siku aliyowaambia. Ciakuthii alisikiliza mabati yakipigwa, kisha akaniambia nimletee ule mkebe. Akautingisha sikioni. Akapapasa ndani mpaka chini, akautingisha tena, halafu akaniomba nimshike mkono nimpeleke kitandani.