Nyinyi Najua, Yeye Hapana Jua

Kibanda chetu cha video pale mtaani Walukuba kimegeuzwa duka la vipuri vya bodaboda. Nilipita hapo wiki iliyopita, natoka Mbale kumpa jirani yetu wa zamani habari kwamba mama tumemzika. Nilitafuta hata msumari mmoja wa ule mlango wa zamani, wapi! Nikafurahi, halafu nikaumia. Wewe unajua mambo haya yalivyo.

Zamani, kila Jumapili baada ya kanisa mama alikaanga mihogo, akaifunga kwenye gazeti, tukaenda. Walikuwapo wake wa askari, vibarua wa kiwandani, madereva Wakenya, na sisi watoto kwenye mikeka mbele. Madirisha yalizibwa kwa magunia, na joto lake usiseme. Mfasiri alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akigeuza Kiingereza cha filamu kuwa Kiswahili cha kambi za askari na kutia chumvi zake. Alipenda zile filamu za taharuki za zamani, nyeusi na nyeupe, na yeye ndiye aliyenifundisha kuzitazama.

“Ona taa!” alipiga kelele. “Taa natoka chini, uso nusu iko giza. Huyo mutu mubaya!” Na mtu mwema akimchekea adui yake bila habari: “Nyinyi najua. Yeye hapana jua!” Hapo watu walipiga miguu chini kwa raha. Baadaye shuleni niliambiwa jambo hilo linaitwa kinaya. Sisi tuliliita utamu.

Baba alikuwa askari wa magereza, amehamishiwa Mbale, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kila akiondoka mama alimfungia mzigo: mashati yaliyopigwa pasi, karanga za kusaga, na sabuni ya kunukia ambayo sisi wenyewe hatukuiogea.

Jumapili moja filamu ilikuwa na mke anayempangia mumewe sanduku. Sisi tulikwisha kuonyeshwa mwanamke wa pili nyuma ya pazia, kivuli chake kirefu kimelala ukutani. Mke anakunja mashati, anaimba. Mama alicheka mpaka mihogo ikamponyoka.

“Mwanamke mujinga! Hata kivuli hapana ona?” mama akapaza sauti.

Alicheka peke yake. Mfasiri, ambaye hata mvua ya mawe haikuwahi kumnyamazisha, alinyamaza. Nikageuka. Mwanga wa televisheni ulikuwa nyusoni mwao, na hakuna aliyetazama filamu. Walimtazama mama. Naye akageuka, akawapitia mmoja mmoja mpaka akafika kwa jirani yetu, rafiki yake wa kusukana nywele, ambaye aliinamisha macho.

“Wapi?” mama akamwuliza.

“Busiu, dada yangu, kule karibu na Mbale. Iko na nyumba. Iko na watoto.”

Laiti wangecheka kama kawaida yao! Walidhani wanamsitiri, kumbe ukimya wao ndio uliomwambia. Penye wengi hapaharibiki neno, husema wahenga. Wahenga hao hawakukaa Walukuba.

Tulihamia kwa bibi, Mbale. Baba, mama alimsamehe, hata alimwuguza mwisho wake. Wale wa kibandani, ng’o. “Baba yenu alinidanganya kwa sababu alikuwa na haja yake,” alikuwa akisema. “Hawa walikuwa na haja gani?”

Wiki iliyopita jirani alilia kwelikweli, akanipikia chai ya maziwa. “Mama yako ilikuwa rafiki yangu kabisa,” alisema. “Sisi yote tulionea yeye huruma.” Nikainywa chai yake, nikamchukia kila funda.

Na sitakudanganya, nilikuwa na furaha pale. Hilo ndilo linaloniuma. Zile Jumapili, ile mihogo ya moto, zile kelele, hazipo tena, na hata kuzikumbuka vizuri siwezi. Maana kila mara mama alipopiga miguu chini kwa raha, wenzake walimtazama. Miaka yote ile yeye alidhani anakwenda kutazama filamu.